Kima cha chini cha wingu: hesabu ambayo Kitui, Makueni na kaunti zetu za Pwani zinapaswa kuipiga mapema

Januari 1, 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zilizokuwa bado na Android 4.4. Oktoba 14 mwaka huo huo, Microsoft ikasitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Wengi tuliyahisi mambo hayo mkononi na mezani, na malalamiko yakasikika kila kona, kuanzia Kongowea hadi Malindi. Lakini kuna uamuzi wa aina hiyo hiyo ambao hufanywa kila baada ya miezi michache, hausomwi kwenye taarifa ya habari, na unagusa hospitali, chuo na ofisi ya kaunti kuliko unavyogusa simu ya mtu mmoja. Ni uamuzi wa waandishi wa programu za wingu kupandisha kima cha chini cha matoleo ya programu wanazozitegemea.

Kima cha chini tunakijua kwa sababu ya Mei Mosi, pale wafanyakazi wanaposubiri kusikia kama mshahara wa chini umeongezwa. Katika mambo ya kompyuta maana ni ile ile: kuna namba, na aliye chini yake hapokelewi.

Mimi ni fundi wa seva. Kazi hunitoa Mombasa mara kwa mara kwenda Wote na Kitui, na swali ninaloulizwa huko ni moja: kwa nini programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri mwaka jana, leo inakataa mtambo ule ule? Nitalijibu hapa kwa kirefu kidogo. Msimamo wangu ni kwamba wanaoandika programu hizi wana sababu nzuri za kupandisha kima, na kwa kawaida tarehe huzitoa mapema. Mzigo unatuelemea kwa sababu bajeti zetu hununua mtambo na kusahau kuutunza.

Ukambani inatuhusu nini?

Nyaya za intaneti zilizopitishwa chini ya bahari, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, zilifika nchi kavu hapa Mombasa. Kutoka kwetu mawasiliano hupanda bara kuelekea Nairobi, na Makueni iko katikati ya njia. Aliyewahi kupanda basi la usiku anaijua vizuri: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud.

Ukikaribia kuimaliza Makueni, pale Malili, ndipo ulipo mji wa teknolojia wa Konza, ekari 5,000 kando ya barabara kuu, kilomita 60 na kitu kutoka Nairobi. Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe la msingi Januari 23, 2013. Aprili 2019 serikali ilitia sahihi na kampuni ya Huawei ya China mkataba wa takriban shilingi bilioni 17.5 wa kituo cha kitaifa cha data na huduma nyingine za mji huo. Wazo lake ni jepesi: taasisi za umma zikodi nafasi mahali pamoja, badala ya kila moja kujenga chumba chake cha seva, kununua jenereta yake na kuajiri mlinzi wake.

Sheria nayo inasukuma upande huo. Kanuni za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, zinataka data fulani yenye uzito kwa taifa ichakatwe kwenye seva zilizo Kenya, au angalau nakala yake moja iwe hapa nchini. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mgonjwa wa Mutomo na wa Msambweni wote wanaandikishwa kwa mtandao. Kwa ufupi, mambo yetu mengi sasa yanakaa ndani ya wingu lililo hapa hapa nchini. Kima cha wingu hilo kikipanda, mwananchi anaguswa hata kama hajui.

Nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji

Wingu si hewa. Ni seva, yaani kompyuta kubwa isiyozimwa, iliyogawanywa. Fikiria nyumba ya Kiswahili ya hapa Mombasa: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Paa ni moja na mita ya stima ni moja, lakini kila chumba kina mpangaji wake na kufuli yake. Seva moja hugawanywa vivyo hivyo kuwa kompyuta kadhaa ndogo zinazoitwa mashine pepe, na kila moja hujiona iko peke yake duniani. Ndani ya moja mna mfumo wa malipo ya hospitali, ndani ya nyingine tovuti ya kaunti, ndani ya ya tatu matokeo ya wanafunzi.

Ugawaji huo hufanywa na programu zilizopandana. Katika wingu la programu huria, nne ndizo za kukumbuka.

KVM ni kuta. Imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu toleo la 2.6.20 la Februari 2007, na kazi yake ni kutumia uwezo wa prosesa kumtenga mpangaji mmoja na mwenzake.

QEMU ni vifaa vya chumbani. Ndiyo inayoionyesha mashine pepe diski, kadi ya mtandao na kioo ambavyo kwa kweli havipo. Ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard, ikatoka mwaka 2003.

libvirt ni msimamizi wa nyumba, keyateka tunavyomwita. Yeye ndiye hufungua mlango, huwasha taa na kujua nani yuko chumba gani.

Nova ni dalali. Ni sehemu ya OpenStack, mradi ulioanzishwa mwaka 2010 na shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace. Mteja humwambia Nova kwamba anataka mashine ya ukubwa fulani. Nova hutafuta nyumba yenye nafasi na kumwagiza keyateka.

Dalali hana funguo. Anamtegemea keyateka, keyateka anategemea vifaa, na vifaa vinategemea kuta. Hizo ndizo programu tegemewa. Keyateka akiwa wa zamani asiyejua agizo jipya, dalali hawezi kumfanyia mteja kazi.

Kima hupandishwa vipi

Ndani ya msimbo wa Nova mna namba mbili kwa libvirt na namba mbili kwa QEMU. Ya kwanza ni toleo la chini kabisa linalokubaliwa leo. Ya pili ni toleo litakalokuwa la chini kabisa baadaye. Nova inapowashwa kwenye seva, huuliza: libvirt, wewe ni toleo gani? Jibu likiwa chini ya namba ya kwanza, Nova hukataa kuanza na kuandika sababu kwenye kumbukumbu zake. Likiwa kati ya namba hizo mbili, huanza, ila huacha onyo kwamba kima kinakaribia kupanda.

Onyo hilo ndilo notisi yenyewe. Ni mstari mmoja kati ya maelfu, umeandikwa kwa Kiingereza, ndani ya faili ambalo katika kaunti nyingi hakuna aliyepewa kazi ya kulisoma.

Namba hizo hazitolewi hewani. Waandishi wa Nova huangalia mifumo endeshi inayotumika sana na inayoendelea kuhudumiwa. Ubuntu 20.04 ilitoka na libvirt 6.0.0 na QEMU 4.2. Debian 11 ilikuwa na libvirt 7.0.0 na QEMU 5.2. Ubuntu 22.04 ina libvirt 8.0.0 na QEMU 6.2, na Ubuntu 24.04 ina libvirt 10.0.0 na QEMU 8.2. Mfumo endeshi mmoja ukistaafu, hakuna sababu ya kuendelea kuubeba keyateka wake, na kima husogea hadi kwa mkongwe anayefuata.

Kuna jambo moja la kutuliza moyo. Nova ikikataa kuanza, mashine pepe zilizokuwa zikifanya kazi hazizimiki. Dalali amegoma, lakini wapangaji waliomo ndani wanaendelea kupika na kulala. Ugumu huja unapotaka kuongeza mpangaji, kumhamisha au kumtoa. Seva ikianza kuharibika usiku huo, hakuna wa kuamuru mfumo wa hospitali uhamishiwe seva nyingine.

Kwa nini wasituache tu na matoleo yetu?

Sababu ya kwanza ni majaribio. Ukikubali matoleo matatu ya libvirt na matatu ya QEMU, una jozi tisa, na kila jozi inataka kujaribiwa kabla ya kumwambia mtu aitumie. OpenStack hutoa toleo jipya kila miezi sita. Juu ya hapo, msimbo hujaa mistari ya kusema: kama libvirt ni ya zamani fanya hivi, kama ni mpya fanya vile. Kila mstari wa namna hiyo ni kichochoro kisichopitwa mara kwa mara, na hitilafu hupenda kujificha vichochoroni. Kupandisha kima ni kuvifunga vichochoro hivyo.

Sababu ya pili ni usalama, na mfano wake bora ni wa Mei 2015. Watafiti walitangaza mwanya uliopewa jina VENOM, uliokuwa ndani ya QEMU, katika sehemu inayoiga kifaa cha kusomea diski za flopi. Mwanya huo ulikuwapo tangu 2004. Mtu aliye ndani ya mashine pepe moja angeweza kuutumia kubomoa ukuta, kuingia kwenye seva yenyewe, na kutoka hapo kuwafikia wapangaji wengine wote. Flopi! Mwaka 2015 ni nani aliyekuwa na haja na flopi? Lakini msimbo wa zamani ulikuwa bado umekaa pale, na tundu lake lilikuwa wazi hata kwa aliyedhani ameuzima.

Sababu ya tatu ni watu. Programu huria huandikwa na wahandisi wenye saa zile zile ishirini na nne. Saa ya kumtunza libvirt wa miaka sita iliyopita huondolewa kwenye saa ya kuziba mianya ya leo.

Asikudanganye mtu kwamba ukilipia leseni unaepuka haya. VMware, programu ya kulipia inayofanya kazi ya namna hiyo hiyo, ilifunga huduma ya kawaida ya vSphere 6.7 Oktoba 15, 2022, na ya vSphere 7 Oktoba 2, 2025.

Nilichokikuta Kitui

Taasisi moja ya afya huko Kitui, ambayo sitaitaja, iliniita katikati ya mwaka 2024. Seva yao ilikuwa zawadi ya mfadhili, yenye prosesa ya mwaka 2012, na ilikuwa ikiendeshwa na CentOS 7. Juu yake kulikuwa na mashine pepe tano, mojawapo ikiwa na kumbukumbu za wagonjwa.

CentOS 7 ilistaafishwa Juni 30, 2024. Baada ya hapo, ukitoa amri ya kawaida ya kusasisha, jibu ni kwamba anwani ya mirrorlist.centos.org haipatikani. Anwani hiyo ndiyo iliyokuwa ikigawa masasisho, na ilizimwa. Faili za zamani zikahamishiwa ghala la kumbukumbu, ambako hakuna kipya kinachoongezwa. Seva yenyewe ilikuwa ikiwaka taa za kijani kama kawaida. Mkuu wa fedha akaniuliza swali la haki kabisa: kitu kinafanya kazi, tukibadilishie nini?

Jibu lilikuwa kwenye mnyororo. Mfumo wao wa kumbukumbu ulikuwa na toleo jipya walilolihitaji. Toleo hilo lilitaka hifadhidata mpya, hifadhidata ikataka mfumo endeshi mpya, na mfumo endeshi mpya ungeleta libvirt na QEMU mpya. Huwezi kuvuta pete moja ya mnyororo ukaziacha nyingine. Isitoshe, mwanya wa aina ya VENOM ukitangazwa kesho, wenye CentOS 7 hawana pa kuchukua kiraka.

Kisha kuna kima cha chuma chenyewe. Red Hat Enterprise Linux 9, iliyotoka Mei 2022, inataka prosesa ya kiwango kinachoitwa x86-64-v2. Toleo la 10, la Mei 2025, linataka v3, kiwango ambacho Intel ilianza kukitimiza kwa kizazi cha Haswell cha mwaka 2013. Seva ya 2012 inavuka mtihani wa kwanza na kuanguka wa pili. Hata ungekuwa na fundi hodari, hapo hana dawa.

Hata hivyo seva kuukuu si lazima itupwe. Debian 12 na Ubuntu 24.04 bado hupokea prosesa yoyote ya biti 64 ya jamii hiyo, na AlmaLinux 10 imetengeneza toleo maalum kwa ajili ya v2. Sisi tuliihamishia ile ya Kitui kwenye Debian 12, ambayo itahudumiwa hadi Juni 30, 2028. Kazi yenyewe ilichukua wikendi mbili. Kilichochukua miezi mitatu ni kupata diski mbili za nje za kuwekea nakala kabla ya kuanza. Seva ilikuja kama zawadi, kwa hivyo haikuwa na fungu lake kwenye bajeti, na kisicho na fungu hakinunuliwi hata msumari. Kwa miezi hiyo mitatu, majina na maradhi ya watu yalikaa kwenye mtambo ambao hakuna aliyekuwa akiuzibia nyufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakutuambia kwamba saruji ya ufa nayo inahitaji sahihi tatu.

Kuvuka bila kuzima

Kwa wenye wingu kamili la OpenStack, kuna mpangilio wa kufuata, na si mgumu kuuelewa. Ubuntu 20.04 iliweza kubeba OpenStack kuanzia toleo la Ussuri la mwaka 2020 hadi Yoga, lililotoka Machi 2022. Ubuntu 22.04 inabeba kuanzia Yoga hadi Caracal, la Aprili 2024. Yoga lipo pande zote mbili.

Kwa hivyo safari ni hii: panda kwanza hadi Yoga ukiwa bado kwenye mfumo endeshi wa zamani. Ukifika hapo, badilisha mfumo endeshi, seva moja baada ya nyingine, OpenStack ikibaki pale pale. Ukimaliza, endelea kupanda. Yoga ndiyo Mtito Andei ya safari hiyo: basi husimama, abiria hunyoosha miguu, dereva hupokewa usukani, ndipo safari huendelea. Anayetaka kutoka Ussuri hadi Caracal kwa mpigo mmoja hana barabara. Tangu toleo la 2023.1, mradi huo umeruhusu kuruka toleo moja katikati, ili taasisi iweze kupanda mara moja kwa mwaka badala ya mara mbili.

Unapobadilisha seva moja, mashine pepe zake huhamishwa zikiwa hai kwenda seva nyingine. Mashine hutoka kwa QEMU ya zamani kwenda mpya bila tabu kubwa. Kurudi kutoka mpya kwenda ya zamani kwa kawaida hakukubaliki. Kwa hivyo unahitaji chumba kimoja kitupu, yaani seva moja ya ziada. Hapa ndipo vyumba vidogo vya seva vinapoumia. Mwenye seva ishirini hasumbuki kuacha moja wazi. Mwenye moja tu lazima azime kila kitu, na hospitali haina saa ya kufunga.

Hiyo ni hoja nzuri ya kukodi nafasi kwenye kituo kikubwa kama Konza: kazi ya kuta, vifaa na keyateka inakuwa ya mwenye nyumba. Lakini msomaji aelewe mpaka ulipo. Mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe yako bado ni mzigo wako. Mwenye nyumba hukarabati paa. Hafui mapazia yako.

Kalenda mbili zisizoonana

Serikali za kaunti zetu hufuata Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Programu nazo zina kalenda yake. Ziweke pamoja uone.

Debian 12 itakoma kuhudumiwa Juni 30, 2028, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha wa 2027/28. Mpango wa maendeleo wa mwaka huo unatakiwa uwe mezani Septemba 1, 2026. Yaani fedha za kazi ya 2028 zinaombwa miezi ishirini na mbili kabla. Ubuntu 22.04 nayo itamaliza huduma yake ya kawaida mwaka 2027. Kama ni ndani ya mwaka wa fedha wa 2026/27, mpango wake ulitakiwa Septemba 1, 2025. Anayesubiri hadi programu ikatae ndipo aandike barua ya kuomba fedha, amechelewa karibu miaka miwili.

Ni kweli kwamba wakati mwingine ahadi huvunjwa. CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, na watu waliipanga wakijua ingefika 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba ingekoma Desemba 31, 2021. Aliyelalamika wakati huo alikuwa na haki, na ndiyo sababu mwenye busara hupanga akiwa na akiba. Lakini tarehe ya CentOS 7, iliyowafikia wale wa Kitui, ilijulikana kwa miaka mingi kabla. Iliangukia siku ya mwisho kabisa ya mwaka wa fedha wa Kenya. Hata ukitafuta tarehe rahisi kukumbukwa na mhasibu wa kaunti, hutapata bora zaidi.

Maswali ya kupeleka barazani

Makueni inajulikana nchini kwa namna inavyowashirikisha wananchi katika bajeti, kuanzia vijijini. Huko watu huuliza kuhusu mabwawa ya mchanga, barabara na zahanati. Naona seva nazo ziingie kwenye orodha, na sisi wa Pwani tuige. Huhitaji kuwa fundi. Maswali manne yanatosha.

Kwanza: mifumo ya kaunti yetu inaendeshwa na matoleo gani, na kila toleo linakoma kuhudumiwa tarehe gani? Jibu linapaswa kuwa jedwali la ukurasa mmoja. Asipokuwapo anayeweza kuliandaa, hilo nalo ni jibu.

Pili: katika kila zabuni ya kununua seva, je, mna fungu la kuitunza kwa miaka mitano, au mna la kuinunua tu? Seva za msaada nazo zipewe fungu lake siku ile ile zinapopokewa. Zawadi isiyo na bajeti ni deni.

Tatu: nani amepewa kazi ya kusoma maonyo? Jina la cheo liwe kwenye mkataba wa kazi, na saa za kuyasoma zitengwe.

Nne: mara ya mwisho nakala ya akiba ilirudishwa na kujaribiwa lini? Kuweka nakala ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba inafunguka ni jingine.

Si lazima kila kaunti ifanye haya peke yake. Kitui, Makueni na Machakos wana umoja wao wa kiuchumi wa kusini mashariki. Sisi tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti sita. Umoja mmoja ukiajiri mafundi watatu wa pamoja na kununua ile seva moja ya ziada, ikawa inazunguka kutoka kaunti hadi kaunti wakati wa kupandisha matoleo, gharama kwa kila mmoja inakuwa ndogo sana. Vijana wa kuisaidia kazi hiyo wapo: Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui, kwetu kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani. Kazi ya namna hii ndiyo humfundisha mwanafunzi kuliko mtihani.

Kima kitapanda tena. Namba ya pili, ile ya siku zijazo, tayari imeandikwa kwenye msimbo na yeyote anaweza kuisoma leo. Ombi langu kwa mawaziri wa fedha wa kaunti ni dogo: kabla ya kila Septemba 1, wamwite fundi wao na wamwulize tarehe tu. Fedha wataanza kuzitafuta wakijua wanazitafutia nini.